Kabla ya Kukimbia: Mazoezi Mepesi kwa Mgonjwa Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mgonjwa anayetoka hospitalini baada ya upasuaji wa kupunguza uzito hukutana nyumbani na mashauri mawili yanayopingana. Mama, shangazi na majirani humtaka alale, kwa kuwa aliyepasuliwa tumbo hapaswi kuinuka mpaka kidonda kifunge, na wako radhi kumletea uji kitandani kwa mwezi mzima. Marafiki wa rika lake humuuliza ni lini ataanza kwenda jimu, maana wamekwisha kuona kwenye simu zao picha za watu waliopungua kilo 40 wakinyanyua vyuma. Wote wanamtakia heri, na wote wanaweza kumdhuru: wa kwanza kwa bonge la damu, wa pili kwa ngiri, kizunguzungu na kuanguka.

Makala hii inakusudia kueleza ni mwendo gani unaomfaa mgonjwa huyo katika wiki za mwanzo, kwa nini unaanza mapema kuliko watu wanavyodhani, na ni dalili zipi ambazo mgonjwa na mhudumu wa afya wasizichukulie kuwa uchovu wa mazoezi tu.

Ni upasuaji gani tunaouzungumzia

Uzito uliozidi na kiribatumbo hutibiwa kwa njia nyingi, na siku hizi msemo "kupunguza uzito hospitalini" umebeba maana zaidi ya moja. Nchini Tanzania wengi wamelisikia kwanza puto, ambalo huingizwa tumboni kwa njia ya mdomo bila kukata popote, kisha huondolewa baada ya miezi kadhaa. Huduma hiyo, ambayo hutolewa pia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, si upasuaji. Mgonjwa wa puto hahitaji tahadhari nyingi za kidonda zitakazotajwa hapa. Ayazingatie yale yanayohusu maji, protini na misuli.

Upasuaji unaofanyika zaidi duniani ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika aina ya pili, sehemu ya juu ya mfuko hutengwa ikawa kijifuko cha mililita 30 hivi, kisha huunganishwa na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Aina zote mbili kwa kawaida hufanywa kupitia matundu madogo matano au sita. Hapo ndipo mgonjwa hudanganyika. Ngozi hufunga ndani ya wiki mbili hivi na makovu huwa madogo, ilhali ndani kuna mstari mrefu wa pini za chuma zinazoshika mshono, na misuli ya ukuta wa tumbo iliyotobolewa huhitaji wiki nyingi zaidi ili irudishe nguvu zake. Aliyepasuliwa kwa mkato mmoja mrefu, kwa sababu yoyote ile, ajue kwamba muda wake wa kupona ni mrefu zaidi kuliko unaotajwa humu, na aongozwe na daktari wake.

Wiki za mwanzo hazihusu uzito

Wagonjwa wengi huyapima mazoezi kwa mizani. Katika miezi ya mwanzo kipimo hicho hakina maana. Uzito hushuka kwa sababu mgonjwa anakula kidogo mno na kwa sababu upasuaji hubadili homoni za utumbo zinazoleta njaa na shibe. Matembezi ya nusu saa huchoma nishati isiyofika hata ile ya chapati moja. Mgonjwa anayetembea ili mizani ishuke haraka atakata tamaa, au atazidisha, kwa kuwa hesabu yake haitalingana kamwe na jasho lake.

Mgonjwa hutembea kwa sababu nyingine, na ya kwanza ni damu yake.

Damu inayotoka miguuni hurudi moyoni kwa kupanda mlima. Haina pampu yake huko chini. Husukumwa na misuli ya shavu la mguu kila inapojikaza, na vali ndogo ndani ya vena huizuia isirudi. Mtu akilala bila kujongea, pampu hiyo husimama. Mgonjwa wetu anaongezewa mizigo mingine: unene wenyewe huifanya damu iwe tayari zaidi kuganda, wakati wa upasuaji tumbo lilijazwa gesi ili daktari apate nafasi ya kuona, na shinikizo la gesi hiyo lilizuia damu ya miguuni kupanda, tena jeraha lolote la upasuaji huamsha mfumo wa ugandishaji. Bonge likijijenga katika vena ya mguu huweza kung'oka, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuziba mshipa mkubwa. Vifo baada ya upasuaji huu ni vichache, takriban mtu 1 kati ya 1,000 ndani ya siku 30 katika vituo vyenye uzoefu, lakini miongoni mwa vifo hivyo vichache bonge la mapafu ni moja ya sababu kuu. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba mabonge mengi hujitokeza baada ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, yaani katika siku zilezile ambazo familia humsihi alale.

Kwa sababu hiyo mgonjwa huinuliwa kitandani siku ileile ya upasuaji, saa chache baada ya kuzinduka. Muuguzi humketisha ukingoni mwa kitanda, humwacha apumue mpaka kizunguzungu kitulie, kisha humsimamisha na kutembea naye hatua chache hadi mlangoni. Ndugu wanaoshuhudia hudhani ni ukatili. Ni sehemu ya tiba, sawa na sindano ya kuzuia damu kuganda. Na ikiwa mgonjwa amepewa sindano hizo aende nazo nyumbani, kutembea hakuchukui nafasi yake. Azimalize zote.

Anapokuwa ameketi au amelala macho, afanye zoezi la vifundo vya miguu: avute vidole kuelekea usoni, kisha avisukume mbali, mara 20, kila saa. Ni zoezi dogo mno kiasi kwamba wagonjwa hulidharau. Linaifanyisha kazi pampu niliyoieleza hapo juu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa mgonjwa anayetoka mkoani. Upasuaji huu hufanyika katika miji michache, na wapo wanaopasuliwa Dar es Salaam ambao makazi yao ni Mwanza au Bukoba, safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,000. Kuketi siku nzima magoti yamekunjwa wiki moja baada ya upasuaji ni hatari iliyo wazi. Ikiwezekana, mgonjwa akae kwa ndugu karibu na hospitali mpaka aonwe tena na daktari. Ikiwa hapana budi asafiri, aketi kiti cha upande wa njia, ashuke kila basi linaposimama, afanye zoezi la vifundo kila nusu saa na anywe maji kwa vikombe vidogo. Wengi huacha kunywa kwa kuogopa kukosa choo njiani. Damu isiyo na maji ya kutosha huganda upesi zaidi.

Mguu usichuliwe

Tumewahi kumpokea mgonjwa aliyekuwa akichuliwa mguu kwa mafuta ya karafuu kwa siku nne. Alikuwa ameanza kutembea kwa bidii baada ya kurudi nyumbani, shavu la mguu wa kushoto likauma na kuvimba, na kila mtu nyumbani akasema ni misuli iliyokazwa na mazoezi. Lilikuwa bonge. Alifika kwa sababu alianza kuhema akiwa ameketi; tukamtibu kwa dawa za kuyeyusha hatari hiyo kwa miezi kadhaa, na yu hai.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa kuwa kosa lenyewe ni la kawaida na lina mantiki yake. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi kwa kawaida hushika miguu yote miwili, huja siku moja au mbili baada ya kuzidisha, na hupungua ndani ya siku chache. Maumivu ya bonge mara nyingi huwa ya mguu mmoja, na mguu huo huvimba, huwa na joto, pengine huwa mwekundu au mzito; kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi mgonjwa azungushe utepe wa fundi cherehani katika shavu la kila mguu, mahali palepale. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ni ya kupelekwa hospitalini siku hiyohiyo. Mguu usichuliwe, usikandwe, wala usijaribiwe kwa mazoezi zaidi. Anayehema ghafla, anayepata kichomi kila anapovuta pumzi, anayekohoa damu au anayezimia, asisubiri kliniki ya kesho.

Mapafu nitayataja kwa ufupi. Mgonjwa mwenye uzito mkubwa anayeogopa maumivu huvuta pumzi fupifupi, na sehemu ya chini ya mapafu hubaki imefumba, mahali pazuri kwa homa ya mapafu kuanzia. Avute pumzi ndefu kupitia puani, aishike kwa sekunde mbili tatu, aitoe polepole. Mara 10 kila saa awapo macho, kwa wiki ya kwanza. Anapotaka kukohoa akumbatie mto tumboni. Alale kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa.

Wiki kwa wiki, na kazi za nyumbani

Katika wiki ya kwanza mgonjwa atembee ndani ya nyumba au uani dakika tano hadi 10, kila baada ya saa moja au mbili za mchana. Asihesabu hatua. Wiki ya pili atoke nje, mahali tambarare, dakika 10 asubuhi, 10 mchana penye kivuli na 10 jioni. Kufikia wiki ya tatu na ya nne wengi huweza kutembea dakika 20 hadi 30 bila kusimama. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: anayetembea kwa kiasi kinachofaa huweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Akiweza kuimba kwa raha, siku inayofuata aongeze kidogo.

Hii ni ramani tu, na watu hawalingani. Aliyeingia hospitalini akiwa na kilo 170 na magoti yaliyosagika hataenda sawa na aliyeingia na kilo 110 akiwa mzima wa viungo. Wa kwanza anaweza kuanza kwa kutembea kutoka kitandani hadi jikoni mara sita kwa siku, na hayo ni mazoezi kamili. Kiti cha plastiki kikiwekwa katikati ya njia ili apumzike, atafika mbali zaidi kuliko akiona aibu ya kupumzika.

Kuhusu kunyanyua, mpaka unaotajwa na vituo vingi ni kilo 5 kwa wiki nne hadi sita. Hapa ndipo mashauri yetu mara nyingi hushindwa, kwa sababu tunazungumzia vyuma vya jimu na kusahau jiko. Dumu la lita 20 la maji ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10. Kusonga ugali wa watu wanane katika sufuria kubwa huikaza misuli ya tumbo kuliko mazoezi mengi tunayoyakataza, na kadhalika kutwanga, kufua mashuka kwa mkono, kuinama kupiga deki na kubeba gunia la mkaa. Mwanamke anayeambiwa hospitalini "usifanye mazoezi mazito" huenda nyumbani akiwa na dhamira njema ya kutokwenda jimu, ambako hakuwahi kwenda, kisha akachota maji. Nawasihi wauguzi wanaotoa ruhusa wamuulize mgonjwa kwa jina la kila kazi: nani atachota maji, nani atambeba mtoto, nani atasonga ugali? Na swali hilo liulizwe mbele ya mume au ndugu aliyekuja kumchukua, ili jibu lisibaki kuwa mzigo wa mgonjwa peke yake. Anachoweza kufanya ni kuchambua mboga ameketi, kukunja nguo, kupika chakula kidogo amesimama, na kutembea hadi dukani kwa kitu chepesi.

Wapo wanaotaka kumfunga mgonjwa tumbo kwa kanga na kumkanda kwa maji ya moto, kama afanyiwavyo mzazi. Desturi hiyo isihamishiwe hapa. Maji ya moto huchubua ngozi na kufungua vidonda vinavyoanza kufunga, na kanga iliyokazwa humzuia mgonjwa kuvuta pumzi ndefu tuliyomwagiza. Mkanda wa tumbo uvaliwe tu ikiwa daktari ameuagiza.

Waislamu huuliza kuhusu rukuu na sijida. Dini yenyewe inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi; kwa upande wa tiba, kuinamisha kichwa chini ya kifua katika wiki za mwanzo huweza kupandisha asidi na chakula kooni, hasa baada ya upasuaji wa aina ya kwanza. Arudie sijida pale atakapoweza kuinama na kuinuka bila maumivu wala kiungulia, na asiifanye mara tu baada ya kula. Kuogelea baharini au kwenye bwawa kusubiri mpaka vidonda vyote vifunge kabisa, aghalabu wiki ya nne au zaidi. Mazoezi ya kuinua kiwiliwili kutoka sakafuni, ambayo kila mtu huyakimbilia ili tumbo liingie ndani, yasubiri wiki sita hadi nane na ruhusa ya daktari, na hata hapo hayaondoi ngozi iliyolegea.

Misuli

Takriban robo ya uzito unaopungua baada ya upasuaji huwa si mafuta. Kiasi kikubwa cha sehemu hiyo ni misuli na maji yake, na upotevu huo huwa mkali zaidi katika miezi ya mwanzo. Mgonjwa anayefurahia mizani pekee haoni kinachopotea. Huja kukiona miezi sita baadaye, anaposhindwa kuinuka mkekani bila kushika ukuta ingawa amepungua kilo 35.

Misuli hulindwa kwa vitu viwili vinavyotegemeana: protini na kazi. Kiasi cha protini kinachopendekezwa ni gramu 60 hadi 80 kwa siku kwa wagonjwa wengi, na kwa mfuko mdogo uliobaki hilo si jambo rahisi. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8, kipande cha samaki cha gramu 100 kina gramu 20 au zaidi kidogo. Dagaa waliokaushwa wana protini nyingi kuliko samaki mbichi kwa uzito uleule, na wakisagwa wakawa unga, huweza kuchanganywa katika supu ya mgonjwa aliyefikia hatua ya vyakula laini. Protini iliwe kwanza, kabla ya wanga, kila mlo. Uji mtupu wa sembe, ambao ndio kwanza hupelekwa kitandani, unajaza nafasi bila kujenga chochote.

Ama kazi ya misuli, chombo chake ni kiti imara. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, ikiwa hana maumivu, mgonjwa aketi, akunje mikono kifuani, asimame, kisha aketi tena polepole. Mara tano zatosha kwa kuanzia; akizoea afikie 10, mara mbili kwa siku. Akishindwa bila mikono, ajisaidie kwa mikono. Baada ya wiki nne hivi aongeze kusukuma ukuta akiwa amesimama, na kunyanyua chupa mbili za maji za nusu lita kwa mikono. Uzito halisi wa mazoezi ya nguvu uanze baada ya wiki ya sita hadi ya nane, ukipanda kidogo kidogo. Aanzapo kunyanyua, atoe pumzi wakati wa kunyanyua. Kubana pumzi huongeza shinikizo ndani ya tumbo na kuyajaribu yale matundu ya ukuta wake.

Kiti hichohicho ni kipimo kizuri kwa zahanati isiyo na vifaa. Mhudumu ahesabu ni mara ngapi mgonjwa husimama na kuketi kwa sekunde 30, aandike idadi kwenye kadi kabla ya upasuaji, kisha arudie kila ziara. Uzito ukishuka na idadi ikipanda au kubaki palepale, mambo yanakwenda vizuri. Uzito ukishuka na idadi ikashuka nao, atafute sababu: protini haitoshi, damu imepungua, au pana jambo zito zaidi ambalo nitalieleza mbele.

Maji ni sehemu ya mazoezi. Mgonjwa anahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na hawezi tena kuyagugumia. Kikombe kizima kwa mkupuo mmoja baada ya matembezi kitamletea maumivu ya kifua na pengine kutapika. Abebe chupa, anywe funda moja dogo kila dakika chache kabla, wakati na baada ya kutembea. Asinywe pamoja na chakula, asubiri nusu saa. Katika joto la pwani atembee kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Mkojo wa rangi ya chai ni ishara ya kuahirisha matembezi na kunywa.

Dawa zilizokuwa salama jana

Hapa nawaelekea zaidi wahudumu wa afya. Mgonjwa aliyekuwa akimeza glibenklamaidi au kujidunga insulini kabla ya upasuaji, akarudi nyumbani na dozi ileile, sasa anakula robo ya chakula chake na kutembea mara tatu kwa siku. Sukari yake itashuka mno, na itashuka njiani. Dozi hizo hupunguzwa au kusitishwa tangu hospitalini, na sukari hupimwa mara kwa mara katika wiki za mwanzo. Vivyo hivyo kwa dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo: kizunguzungu cha mgonjwa anayeinuka kwenda kutembea mara nyingi ni cha dawa na ukosefu wa maji, na tiba yake ni kupima shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, kisha kurekebisha dawa. Mgonjwa asiziache mwenyewe bila kuonwa.

Goti likiuma, mkono wa Mtanzania au Mkenya huenda kwenye diklofenaki au ibuprofeni. Aliyefanyiwa upasuaji, hasa wa aina ya pili, asizimeze dawa hizo. Huweza kutoboa kidonda kwenye maungio ya kijifuko na utumbo, na sigara huongeza hatari hiyo. Atumie parasetamoli, apunguze mwendo, atafute ardhi laini. Muuza duka la dawa hawezi kujua kuwa mteja wake amepasuliwa asipoambiwa.

Uchovu usio wa mazoezi

Kuchoka kidogo mwishoni mwa matembezi, kuisha ndani ya dakika chache, ni kawaida. Kuna uchovu wa aina mbili ambao si kawaida, na yote miwili nimeona ikiitwa uvivu.

Wa kwanza huja na mapigo ya moyo. Mshono wa ndani ukivuja, dalili ya mapema mara nyingi ni moyo kwenda mbio, na tumbo la mtu mnene huweza kubaki laini likibonyezwa ingawa ndani kuna usaha. Mvujo huweza kujitokeza hata wiki mbili tatu baada ya mgonjwa kurudi nyumbani. Mhudumu ampumzishe mgonjwa kitini dakika 10, kisha ahesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakizidi 120, au yakiandamana na homa, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, na hisia kwamba jambo baya linakuja, arudishwe kwenye kituo kilichompasua bila kusubiri vipimo vya mwisho. Anayemeza atenololi au propranololi huenda asifikie 120, hivyo namba ndogo isimtulize mhudumu.

Wa pili huja kwa miguu. Mwili huhifadhi vitamini B1 ya wiki mbili tatu tu. Mgonjwa anayetapika kila siku katika mwezi wa kwanza hadi wa tatu huimaliza akiba hiyo: nyayo huanza kuwaka au kufa ganzi, miguu hulegea, hatua huyumba kama za mlevi, macho huona vitu viwili viwili, na baadaye akili huchanganyika. Ndugu humwambia ajikaze na kutembea zaidi. Anayefikishwa zahanati katika hali hiyo hutundikiwa dripu ya glukosi, kwa kuwa hajala, na glukosi hiyo hutumia chembe za mwisho za B1 zilizobaki. Madhara kwa ubongo yanaweza kuwa ya kudumu. Apewe vitamini B1 kwa sindano kwanza, kabla ya glukosi, hata kama hakuna maabara ya kuthibitisha. Gharama ya kukosea kwa kuitoa ni ndogo mno.

Wanawake wenye hedhi nzito wakihema kwa kupanda ngazi chache miezi mitatu au sita baadaye wapimwe damu. Chuma na vitamini B12 hupungua baada ya upasuaji huu, na virutubisho vyake humezwa maisha yote.

Baada ya miezi mitatu

Ikiwa yote yamekwenda vyema, kufikia mwezi wa tatu mgonjwa huweza kulenga dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na baadaye 300, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au tatu. Atakutana na kero zisizotajwa sana: mikunjo ya ngozi inayosuguana mapajani na chini ya tumbo ikachubuka, ambayo hutulizwa kwa kaptula ya kubana iliyo ndani ya nguo na kwa kuikausha ngozi vizuri, viatu vilivyokuwa vikimtosha vinapwaya kwa sababu hata nyayo zimepungua, na watu wa mtaani wanaouliza kama anaumwa. Hilo la mwisho huwarudisha ndani wanawake wengi kuliko maumivu ya magoti. Kutembea wawili, na mwenzake au dada yake, kumewasaidia baadhi yao kulijibu.

Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili uzito huacha kushuka, njaa hurudi kwa sehemu, na wengine huanza kuongezeka. Ni katika kipindi hicho ndipo mazoezi yanapoanza kuonekana kwenye mizani, kwa yule ambaye amekwisha kuyazoea.